Chumba cha kompyuta kipo, ufunguo anao nani?

Katika shule moja ya msingi karibu na Fort Ternan, kaunti ya Kericho, kuna chumba ambacho mlango wake una kufuli mbili. Madirisha yana vyuma, na nyuma ya vyuma kuna wavu. Nilikwenda huko mwaka jana kumtembelea mpwa wangu, mwalimu kijana wa kwetu Pwani aliyepangiwa kazi upande ule. Nilipokiona chumba kile nilidhani ndimo zinamowekwa karatasi za mitihani. Kumbe ni chumba cha kompyuta.

Kilifunguliwa kwa heshima ya ugeni wangu, na kwa kuwa walisikia kwamba nami nilishika chaki kwa miaka mingi. Ndani mlikuwa na kompyuta 15, zimefunikwa vitambaa vya kufumwa kama makochi ya sebuleni. Tulipoziwasha, nane ndizo zilizoitika. Kwenye kona palikuwa na sanduku la vishikwambi vya watoto, vingine betri zimevimba mpaka kioo kimebanduka. Mwalimu mkuu, mtu mpole na mkweli, hakujitetea. Nilimuuliza watoto huingia humo lini. Akacheka kidogo, akanijibu kwa Kiswahili chao cha bara: "Mwalimu, hii kitu ikiibiwa ni mimi naulizwa. Ikikaa hapa miaka kumi, hakuna mtu ananiuliza."

Maneno hayo nimerudi nayo hadi Mombasa, na kila ninapowasikia wanasiasa wetu wakiahidi vyumba vya kompyuta kutoka Vanga hadi Kiunga, ndiyo yanayonijia. Watu hubishana kama kompyuta shuleni zinawasaidia watoto au zinawapotezea wakati. Wapo wanaoapa kwamba bila kompyuta mtoto ameachwa nyuma, na wapo wanaosema mtoto asiyejua kusoma hana haja ya kioo. Mimi naona pande zote mbili zinakitazama chumba, na hakuna anayeutazama ufunguo.

Fort Ternan na sisi

Msomaji anaweza kuuliza, Fort Ternan yatuhusu nini? Reli iliyoanzia hapa Mombasa mwaka 1896 ilipita hapo ikielekea Kisumu, ikafika ziwani mwaka 1901. Ni kituo kidogo kwenye mteremko, juu kwenye baridi kuna chai, na ukishuka kuelekea Koru na Muhoroni unaingia kwenye miwa. Chai ya Kericho ikishakaushwa na kutiwa magunia haibaki huko. Inateremka hadi kwenye maghala ya Mombasa, inauzwa kwenye mnada wa Mombasa na kupakiwa melini Kilindini. Vijana wetu wengi wamepata riziki kwa kubeba, kupanga na kuandika magunia hayo.

Sasa tazama yaliyoipata chai hiyo. Huko mashambani mashine za kuchuma zimechukua kazi ya mikono, na uchungu wake tuliuona Mei 2023, waandamanaji walipozichoma mashine hizo Kericho. Huku kwetu, mnada uliokuwa ukiendeshwa kwa sauti, mtu akinyoosha mkono na kutaja bei, ulihamia kwenye mtandao mwaka 2020 wakati wa korona. Kwa hivyo ncha zote mbili za safari ya gunia la chai zimeshikwa na mashine. Mama aliyeachishwa kazi ya kuchuma majani hahitaji mtu wa kumhubiria umuhimu wa teknolojia. Anaijua, imeshaingia jikoni kwake. Anachotaka ni mwanawe awe upande wa wanaoiendesha, si upande wa wanaofukuzwa nayo. Baba wa Likoni aliyeona kazi za makarani wa forodha zikihamia kwenye kompyuta anataka hilo hilo.

Naanza na hilo kwa makusudi, kwa sababu kuna wasomi wanaozungumza kana kwamba wazazi wanadanganywa na vitu vinavyong'aa. Wazazi hawajadanganywa. Wanayo sababu. Tatizo ni kwamba kile wanachopewa mara nyingi si kile walichokiomba.

Ahadi ilivyosafiri

Tukumbushane. Katika uchaguzi wa 2013 muungano wa Jubilee uliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ilivunjika kwa mabishano. Mwaka 2016 mradi ukarudi kwa sura nyingine: vishikwambi vya watoto, vipakatalishi vya walimu na projekta, vikiunganishwa na makundi mawili, moja la Chuo Kikuu cha Moi na jingine la Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, pamoja na washirika wao wa kigeni. Vifaa zaidi ya milioni moja viligawanywa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Tuseme ukweli, mradi huo uliacha jambo moja kubwa la kheri: ili vifaa vifike, umeme au sola ilipelekwa kwenye maelfu ya shule zilizokuwa gizani.

Kufikia 2019 serikali ilikuwa imegeuza mwelekeo. Badala ya kifaa kwa kila mtoto, ikasema sasa itajenga vyumba vya kompyuta vitakavyotumiwa na shule nzima. Mwaka huo huo mtaala mpya wa CBC ulianza katika madarasa ya chini, nao unataja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wa msingi ambao kila mtoto lazima aupate. Tangu 2023 shule hizo hizo za msingi zimebeba pia sekondari msingi, gredi ya saba hadi ya tisa. Watoto wameongezeka, masomo yameongezeka, na vyumba ni vile vile.

Kisha ikaja Machi 2020. Shule zikafungwa, na wengi wa watoto hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Ikiwa kulikuwa na wakati ambao kifaa cha kidijitali kilipaswa kumfuata mtoto nyumbani, ni huo. Watoto wetu walisomea redio na televisheni, waliokuwa nazo, na vishikwambi vikabaki kabatini shuleni. Ufunguo ulikuwa kwa mwalimu mkuu, na hakuna sheria iliyomruhusu kuutumia.

Walichokiona waliopima

Kuhusu kama kompyuta husaidia, hatuna haja ya kukisia, kwani wapo waliopima. Mfano ulio karibu zaidi na Fort Ternan uko Kisumu, kaunti jirani. Katika mradi wa kusoma ulioitwa PRIMR, uliotangulia Tusome, watafiti waligawanya shule katika makundi. Kundi moja, watoto walipewa vifaa vya kusomea vitabu. La pili, walimu ndio waliopewa vishikwambi. La tatu, watoto na walimu hawakupewa kitu, aliyepewa kishikwambi ni mkufunzi anayezunguka shule hadi shule kuwatazama walimu wakifundisha na kuwashauri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Makundi yote yalisoma vizuri kuliko shule zilizokuwa nje ya mradi, lakini kumpa kila mtoto kifaa chake hakukuleta faida inayolingana na gharama yake. Njia iliyotoa thamani kubwa zaidi kwa shilingi ni ile ya kumpa mkufunzi. Tusome ilipoenezwa nchi nzima kuanzia 2015, ilifuata njia hiyo: kitabu mkononi mwa kila mtoto, na kishikwambi mkononi mwa anayemsaidia mwalimu.

Peru, Amerika ya Kusini, ilinunua vipakatalishi mamia ya maelfu kwa ajili ya watoto wa vijijini. Utafiti katika shule 319 haukuona tofauti yoyote ya maana katika hesabu wala lugha. Colombia ilipeleka kompyuta mashuleni ili zisaidie kufundisha lugha ya Kihispania. Miaka miwili baadaye watafiti wakakuta alama hazijasogea, na sababu ni kwamba walimu walizitumia kufundishia kompyuta yenyewe: hiki ni kibodi, hiki ni kipanya. Lugha ilisahauliwa.

Lakini kuna upande wa pili. Katika mji wa Vadodara nchini India, watoto wa darasa la nne walipewa saa mbili kwa wiki za michezo ya hesabu kwenye kompyuta, wawili kwa mashine moja, maswali yakipanda ugumu kwa kadiri ya uwezo wa mtoto. Alama zao za hesabu zilipanda sana. Sehemu kubwa ya faida hiyo ilififia mradi uliposimama, nalo pia ni somo: kinachosaidia ni mazoezi ya kila wiki, si tukio la siku ya uzinduzi.

Ukiyaweka haya pamoja unaona kwamba mashine zilikuwa karibu sawa kote. Kilichotofautiana ni kazi waliyopewa. Pale ambapo mtu aliamua mapema ni somo gani, mtoto gani na saa ngapi kwa wiki, zilisaidia. Pale zilipopelekwa tu, zilikaa.

Hesabu ya dakika nne

Turudi kwenye chumba chetu. Gredi ya sita katika shule ile ina watoto 52. Kompyuta zinazowaka ni nane, yaani watoto sita au saba kwa kila moja. Kipindi ni dakika 35. Toa dakika za kupanga foleni, kufungua kufuli mbili, kuwasha na kungoja, tuseme zinabaki 25. Gawanya. Kila mtoto anapata chini ya dakika nne za kushika kibodi, na wengine hata hizo hawapati, kwa sababu mwenye nguvu hukaa mbele. Mpwa wangu aliniambia, "Mjomba, wasichana husimama nyuma wakitazama mabega."

Hapo ndipo chumba cha kompyuta kinapoweza kudhuru. Kioo hakimharibu mtoto kwa dakika nne. Kinachoumia ni vitu vilivyoondolewa ili chumba kipatikane. Chumba kile kilikuwa maktaba, vitabu vikapelekwa stoo. Mwalimu anayejua kompyuta ndiye huyo huyo wa hesabu, na akiitwa kurekebisha waya darasa lake linabaki peke yake. Mgao wa serikali kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka mzima, kwa kila kitu. Kompyuta moja ya shilingi 42,600 ni mgao wa mwaka wa watoto 30. Ikiharibika radi ikipiga, na Kericho ni nchi ya radi na mvua ya mawe, hakuna fungu la kuitengeneza. Huku kwetu adui ni chumvi ya bahari na joto, lakini hesabu haibadiliki.

Na kuna matumizi ambayo hayatajwi kwenye hotuba. Kompyuta inayofanya kazi zaidi katika shule nyingi ni ile iliyo ofisini. Usajili wa wanafunzi uko mtandaoni, tathmini ya walimu iko mtandaoni, alama za watoto kwa baraza la mitihani zinapelekwa mtandaoni. Mwalimu asiye na mtandao shuleni anapanda bodaboda hadi mjini kuyafanya haya kwa pesa zake. Kabla ya kumuuliza kwa nini hamfundishi mtoto kompyuta, tuulize serikali yenyewe inaitumiaje saa yake.

Picha moja ukutani

Nisije nikaeleweka vibaya, nikadhaniwa ni mzee anayetaka ubao na chaki tu. Kitu kilichonifurahisha zaidi Fort Ternan kilifanywa na kompyuta.

Mlima ulio karibu na kituo kile unajulikana duniani. Mkulima aliyeitwa Fred Wicker aliona mifupa iliyogeuka mawe shambani mwake, na mwaka 1961 Louis Leakey akaanza kuchimba hapo. Akapata taya ya kiumbe wa jamii ya nyani wa kale, wa miaka milioni 14 hivi, akampa jina la Kenyapithecus wickeri, akilitia jina la mkulima yule. Wanafunzi wa vyuo vya mbali hulisoma jina la Fort Ternan katika vitabu vyao. Watoto wa Fort Ternan wenyewe, wengi wao, hawajawahi kuyaona mabaki hayo, kwa sababu yalipelekwa kwenye makumbusho ya Nairobi.

Mpwa wangu alimwomba mwalimu mkuu kipakatalishi kimoja na projekta, akatia saini, akafunika dirisha la darasa lake kwa leso, na akawaonyesha picha. Kifaa kimoja, watoto 52, ukuta mmoja. Akawauliza: mlima huu mnaujua? Darasa zima likapiga kelele. Wakaandika insha, kwa Kiswahili, juu ya kitu kilichotoka nyuma ya nyumba zao. Mtoto mmoja aliuliza kwa nini mifupa yao iko Nairobi, swali ambalo hata waziri angehitaji muda kulijibu. Hakuna aliyesimama nyuma kutazama mabega.

Nikafikiria watoto wa Faza na Kizingitini ambao hawajaiona Gede, na watoto wa Lungalunga ambao hawajaingia Fort Jesus. Mwalimu mmoja aliyejitayarisha, na kifaa kimoja kilichoruhusiwa kutoka kabatini, wangeweza kuwapeleka huko leo asubuhi.

Tuwaulize nini wanaoahidi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Shule zetu wamelishika neno hilo nusu. Daftari la vifaa lipo: nambari, tarehe ya kupokea, saini. Daftari la matumizi halipo. Ndiyo maana mwalimu mkuu yule, ambaye si mvivu wala si mjinga, amechagua kufuli. Sheria inamwadhibu kwa kilichopotea na haimuulizi juu ya kilicholala. Mtu yeyote mwenye akili timamu, akiwekwa kwenye kiti chake, angefunga mlango.

Kwa hivyo mbunge au mwakilishi wa wadi akija kwenu na utepe na mkasi, msiikatae kompyuta. Ikubalini, kisha mumuulize mambo manne, mbele ya watu.

Kwanza, ikiibiwa au ikiharibika ikiwa kazini, nani atabeba mzigo? Kama ni mwalimu mkuu peke yake, kifaa hicho kimeshafungiwa kabla hakijafika. Bodi ya shule iandike wazi kwamba kuharibika kwa matumizi si kosa.

Pili, fungu la matengenezo liko wapi? Vyuo vyetu vya ufundi vina vijana wanaosomea kazi hii na hawana pa kujifunzia. Waende shuleni mara moja kwa muhula, wasafishe, watengeneze, walipwe nauli na kitu kidogo.

Tatu, mwalimu amefundishwa? Tanzania, baada ya sensa ya 2022, vishikwambi vilivyotumiwa kuhesabia watu viliamuliwa vipelekwe kwa walimu. Kutoa kifaa tu hakutoshi, huko wala hapa, lakini aliyeanza na mwalimu ameanza mahali pake.

Nne, watoto wanasoma? Chumba cha kompyuta katika shule ambayo watoto wa gredi ya nne bado hawasomi ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa ufasaha ni paa juu ya nyumba isiyo na kuta. Vitabu visitoke kwenye rafu kupisha mashine.

Na sisi wazazi tuna letu. Siku ya mkutano wa shule tusiulize zipo kompyuta ngapi. Tuombe kuliona daftari la matumizi: wiki iliyopita chumba kilifunguliwa mara ngapi, na gredi gani, kwa somo gani. Kama daftari halipo, tulinunue siku hiyo hiyo. Bei yake haifiki ya soda mbili.

Nilipoondoka Fort Ternan nilimwachia mwalimu mkuu daftari moja la kurasa 96, nikamwandikia juu yake "Matumizi". Alicheka. Wiki mbili baadaye mpwa wangu akanipigia simu. "Mjomba," akasema, "kuna mistari mitatu."

Mistari mitatu kwa wiki mbili ni michache. Lakini kabla ya hapo haukuwapo hata mmoja.